Mbeya baridi hivi, kompyuta ya ofisini inajizima kwa joto. Msaada wakuu

MamaKopi_Uyole (mleta mada)

Wakuu habari za jioni. Nina kisteshenari changu hapa Uyole: kopi, kuchapa barua, picha za paspoti, na wanafunzi wanaokuja kujaza fomu za vyuo na mikopo. Mashine ninayoitegemea ni moja tu, deskitopu ya kuunga, Core i5-3470, ramu GB 8, Windows 10.

Shida yangu, sipiyu inachemka. Nikiwa naandika barua inavumilia, ila nikifungua picha za mteja nianze kukata na kusafisha, feni inaunguruma kama mashine ya kusaga, kila kitu kinakuwa kizito, halafu pap! giza. Nikiwasha tena inaniletea maandishi meupe kwenye skrini nyeusi kwamba prosesa imepitiliza joto. Jana nimepoteza kazi ya mtu ya kurasa 40, amenisema mpaka basi.

Kinachonishangaza ni kwamba huku kwetu saa hizi baridi inauma. Asubuhi nafungua ofisi nimevaa koti na kujitanda kitenge juu, vidole havichapi vizuri mpaka nishike kikombe cha chai. Mimi natetemeka, yenyewe inalalamika joto! Inawezekanaje?

---

Mpwa_wa_Temeke

Ilete Dar ipate somo. Sisi huku chumba nyuzi 32 na mashine zetu zinadunda, nyie mnaoishi ndani ya friji ndio mnaunguza prosesa 😂

---

FundiSae

Dada pole sana. Kwanza tuelewane, maana huku kwetu kasha lote tunaliita sipiyu. Unaposema inachemka, ni kasha ukiligusa, au unazungumzia prosesa yenyewe ndani? Kwa maandishi uliyoyaona nahisi ni prosesa, na ukipata maandishi hayo usiwasikilize watakaokwambia pawa saplai imekufa. Pawa ikifa haikuandikii barua, inazima tu.

Nahitaji mambo manne. Pakua Core Temp au HWiNFO, programu za kupima joto la prosesa, zote za bure, uniambie prosesa ina nyuzi ngapi ikiwa haifanyi kitu, na ngapi sekunde chache kabla haijazima. Chumba kina nyuzi ngapi, hata kwa kukadiria. Kasha limekaa wapi. Na mara ya mwisho kufunguliwa ilikuwa lini, na nani.

---

DawaMbadala

Fungua, futa pesti ya zamani (ile inayopakwa juu ya prosesa kupitisha joto), paka dawa ya meno nyeupe. Mimi nilifanya 2019, mashine ikawa baridi kama maji ya mtungi. Msipoteze hela za watu.

---

FundiSae

@DawaMbadala na hiyo mashine iko wapi leo? Dawa ya meno inapoza kwa sababu ina maji. Maji yakikauka, na juu ya prosesa yanakauka haraka, unabaki na unga mgumu kama chokaa kati ya prosesa na hitisinki, pande la chuma linaloipoza. Hapo umeweka blanketi, hujaweka dawa.

---

DawaMbadala

Iliuzwa.

---

Ndizi_za_Tukuyu

Hahaha, "iliuzwa". Aliyeinunua naye atakuja kufungua uzi wake humu humu.

---

MamaKopi_Uyole

Nimerudi wakuu. Majibu ya Fundi haya hapa.

Ikiwa haifanyi kitu inacheza 58 mpaka 61. Nikifungua picha inapanda hadi 97, 99, mara moja nimeona 101, halafu inazima. Chumba nina kale kasaa ka ukutani chenye kipimajoto, kanasoma 18.

Kasha liko ndani ya kabati la meza, nalifungia mlango kwa sababu ya vumbi la barabarani. Nyie mnaijua barabara yetu kuu, malori ya Tunduma hayapumziki. Na jambo jingine, jirani yangu ukuta kwa ukuta anakaanga chipsi. Moshi wa mafuta unaingia mpaka kwenye karatasi zangu.

La kufunguliwa nitalijibu.

---

Ndizi_za_Tukuyu

Kumbe chipu inakaangwa jirani na chipsi! Dada omba asilimia.

---

Mwl_Makambako

Naingia kama mwalimu wa fizikia, mniwie radhi kwa urefu.

Tusiiangalie 60 peke yake. Prosesa haiwezi kuwa baridi kuliko hewa inayoipoza, hivyo cha kupima ni tofauti kati yake na chumba. Ndugu yetu wa Temeke mwenye chumba cha 32, mashine yake nzima ikipumzika itasoma labda 50, tofauti yake ni 18. Dada yetu yuko kwenye 18 na prosesa imepumzika kwenye 60. Tofauti ni 42, na bado hajaanza kazi! Kwa hiyo mashine yake ni mgonjwa mara mbili ya inavyoonekana, ila baridi ya Mbeya inamfichia. Angekuwa Dar ingekuwa imezima siku nyingi na angeitibu mapema. Baridi si dawa hapa, inafunika tu maradhi.

Kuna na hili ambalo watu wa nyanda za juu hatulifikirii. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya bahari. Kwenye kimo hicho hewa ni nyepesi kuliko ya pwani kwa karibu asilimia 15. Feni ya huku ikizunguka sawasawa na ya Dar, inasukuma hewa pungufu kwa uzito, na hewa ndiyo inayobeba joto kulitoa nje. Lakini msije mkasema Mwalimu kalaumu mlima. Hasara yake ni nyuzi chache, tano hivi kwa kazi nzito. Haiwezi kueleza tofauti ya 42 mashine ikiwa imelala.

---

Mpwa_wa_Temeke

Mwalimu umenifanya niende kupima ya kwangu. 49, chumba 31. Umejuaje?

---

Chuo_Iyunga

Dada naomba uangalie na hili. Kuna virusi vinavyochimba sarafu za mtandaoni kwa kutumia prosesa yako, vinakuja na zile programu za kufungulia Windows bila leseni. Unaona mashine haifanyi kitu kumbe inafanyishwa kazi usiku kucha. Fungua HWiNFO ile ile, angalia asilimia ya matumizi ya prosesa ukiwa umefunga kila kitu. Usitumie Task Manager peke yake, baadhi ya hivyo virusi vikiona umeifungua vinajificha.

---

MamaKopi_Uyole

Inasoma asilimia 2, 3, mara 1. Nimeiacha nikahudumia wateja watatu, nimerudi bado 2.

---

Chuo_Iyunga

Basi hapo hamna virusi. Naondoka kwenye kesi.

---

FundiSae

Vizuri, sasa tumebaki na vyuma. Mwalimu kasema kweli tupu, mimi naongeza kipimo kimoja ambacho mafundi wengi hawakifanyi kwa sababu wana haraka ya kufungua skrubu.

Joto la prosesa lina safari mbili. Ya kwanza, kutoka kwenye prosesa kuingia kwenye hitisinki, lile pande la alumini lenye mbavu. Safari hii inapita kwenye pesti na inategemea pande limebanwa vizuri kiasi gani. Ya pili, kutoka kwenye hitisinki kwenda hewani, na hii inategemea feni, vumbi na kabati lako. Kabla hujanunua chochote, ujue safari ipi imekatika.

Utajuaje? Kwa kasi ya kupanda. Acha mashine ipumzike dakika 10. Fungua Core Temp uiweke pembeni ya skrini, kisha anzisha kazi nzito, mfano kubana folda kubwa ya picha iwe faili moja la zipu. Hesabu kwa mdomo: moja, mbili, tatu.

Ikipanda polepole, dakika tano, dakika kumi, ndipo inafika 95, hitisinki inapokea joto ila haiwezi kulitoa. Hilo ni vumbi, feni au kabati. Ikiruka kutoka 60 hadi 95 kabla hujafika tano, na ukisimamisha kazi inaanguka papo hapo, joto halifiki kabisa kwenye hitisinki. Pande lile ni zito, haliwezi kupata moto na kupoa kwa sekunde tatu. Kinachoruka ni chipu peke yake, imeachwa mkiwa.

Kipimo cha pili: mara tu ikizima, chomoa waya wa umeme, fungua ubavu wa kasha, gusa mbavu za hitisinki kwa kidole. Zikikuunguza, tatizo ni hewa. Zikiwa baridi na prosesa ilikuwa 100, tatizo ni mguso.

Na dada, hujajibu swali la nne.

---

MamaKopi_Uyole

Fundi nimefanya. Nimehesabu moja, mbili, tatu, NNE, ikawa 96. Nikasimamisha, ikashuka 68 hata sijavuta pumzi. Kisha nikaiachia izime, nikachomoa, nikagusa. Baridi! Kama bati la asubuhi. Nimefungua na mlango wa kabati nikarudia, ikipumzika imeshuka hadi 57, ila kwenye kazi ni yale yale.

Swali la nne, haya nakiri. Wiki mbili zilizopita ilikuwa inazima, ila mpaka ifanye kazi nusu saa hivi. Nikamwita kijana mmoja fundi anayepita maofisini. Akaipuliza vumbi, lilitoka vumbi Mungu wangu, limegandana na mafuta ya chipsi limekuwa kama kipande cha sweta kati ya feni na zile mbavu. Akabadilisha na pesti. Siku ya kwanza ilitulia nikafurahi. Siku ya pili ndipo ikaanza kuzima ndani ya dakika tatu. Sikusema kwa sababu nilijua mtaniambia "mrudie fundi wako", na simu hapokei.

---

Ndizi_za_Tukuyu

Mgonjwa anamficha daktari kuwa ameshapita kwa mganga 😂

---

Kihesa_Boy

Kamwene wote! Mimi niko Iringa. Mafundi wa kupita hao ndio walionimalizia mazabodi mbili, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Bora ujifunze mwenyewe.

---

FundiSae

@Kihesa_Boy tusiwatukane wote, na mimi nilianza kwa kupita maofisini na begi mgongoni. Kijana kazi ya vumbi aliifanya, na vumbi lilikuwa tatizo la kweli. Ndiyo maana zamani ilichukua nusu saa, ile ilikuwa safari ya pili imeziba. Akaizibua, halafu wakati wa kurudisha hitisinki akaikata safari ya kwanza. Ugonjwa uliopo sasa si ule ulioitiwa fundi.

Nakuambia pa kuangalia. Hitisinki ya duara inayokuja na prosesa za Intel haina skrubu, ina miguu minne ya plastiki. Kila mguu una ncha nyeupe zilizopasuliwa, na katikati unapita msumari mweusi wa plastiki. Msumari ukishuka unazitanua ncha nyeupe upande wa chini wa mazabodi, hapo mguu umeshika. Ni ubunifu ambao sijawahi kuupenda. Ukibonyeza mazabodi ikiwa ndani ya kasha inapinda, unadhani mguu umeingia kumbe ncha moja imejikunja. Unashika kwa siku moja, joto likiitanua na kuikaza mara mbili tatu, unachomoka. Mguu mmoja ukiachia, pande lote linainuka upande mmoja kama kitanda kilichovunjika tendegu.

Zima, chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja umeme uliobaki uishe. Shika hitisinki uitikise taratibu. Ikicheza upande mmoja, umeshampata mwizi. Kufungua: geuza kichwa cha kila mguu robo mzunguko kufuata mshale uliochorwa juu yake, uvute juu. Zungusha pande kidogo kushoto kulia ndipo ulinyanyue, usilikwanyue.

---

Mwl_Makambako

Nyongeza kwa wenye prosesa za AMD, si Intel, za soketi (kiti cha prosesa kwenye mazabodi) za AM3 na AM4: washa mashine kwanza ipate moto kidogo, uzime, ndipo uzungushe. Kule prosesa yenyewe ndiyo ina pini, na pesti iliyokauka inaweza kuing'oa pamoja na hitisinki. Niliwahi kunyoosha pini kwa sindano usiku kucha, sitamani nirudie.

---

MamaKopi_Uyole

JAMANI. Imecheza. Nimeitoa na nimeangalia. Mguu wa kona ya karibu na ramu, ncha moja nyeupe imejikunja na kukatika. Na pesti yenyewe: upande mmoja imebanwa nyembamba mpaka naona maandishi ya prosesa, upande wa pili imesimama nene kama siagi kwenye mkate.

Sasa mguu umekatika, nafanyaje? Gundi?

---

FundiSae

Hapana gundi! Hiyo pesti ya nene na nyembamba ndiyo ushahidi, mimi sina zaidi ya kuongeza. Tafuta hitisinki nyingine, hata iliyotumika.

---

Kihesa_Boy

Zimejaa kwa mafundi, kwenye makasha yaliyokufa. Ukiipata igeuze, utazame chini katikati. Kuna zenye alumini tupu na kuna zenye kitovu cha shaba. Chukua ya shaba, inapoza zaidi. Mimi yangu niliitoa bure kwenye kasha lililotupwa.

---

Chuo_Iyunga

Wakati unatafuta, usiiwashe ikiwa na miguu mitatu. Ila ukishaifunga, kama una wasiwasi, kwenye mipangilio ya umeme ya Windows shusha kiwango cha juu cha prosesa kutoka 100 kwenda 99. Hiyo inazima mbio za ziada, i5-3470 itaishia 3.2 GHz badala ya kukimbilia 3.6. Kwa kazi za steshenari hutaona tofauti.

---

MamaKopi_Uyole

Wakuu nimechoka. Nimekwenda Mwanjelwa, nimezunguka, nimepata ya shaba safi kabisa kwa shilingi 10,000, daladala kwenda na kurudi, nimefika naweka HAIINGII. Miguu miwili ikiingia, miwili inapita nje ya tundu kidogo tu. Nimejaribu kuigeuza mara nne. Mbona zinafanana kama mapacha?

---

FundiSae

Dada samahani, kosa ni letu, hatukukuambia. Umeuziwa ya soketi 775, za enzi za Core 2 Duo. Matundu yake yameachana milimita 72. Yako ni soketi 1155, matundu yameachana milimita 75. Milimita tatu hizo ndizo zilizokupandisha daladala. Mwambie akubadilishie na umtajie namba: 1155, 1156, 1150, 1151 au hata 1200, zote hizo miguu yake ni sawa. Na usiilazimishe hiyo, utapasua mazabodi.

Ukiipata, futa pesti yote kwa kitambaa kisichotoa nyuzi na spiriti, uache ikauke. Weka pesti mpya katikati, punje moja ya njegere ndogo, usiipake kama mafuta ya mwili, pande lenyewe litaisambaza. Toa mazabodi nje ya kasha. Najua ni usumbufu, ila ndiyo tofauti ya kazi na kubahatisha. Vichwa vya miguu virudishe kinyume cha mshale, bonyeza wa kona moja, halafu wa kona inayotazamana nao, halafu miwili iliyobaki. Kila mmoja uusikie "ta!". Kisha geuza mazabodi: kila tundu lazima uone ncha nyeupe zimetanuka na msumari mweusi katikati. Tundu moja likiwa tofauti na mengine, rudia. Halafu usisahau kuchomeka waya wa feni, wapo waliosahau na mimi nimo.

---

Ndizi_za_Tukuyu

Ulisahau Fundi? Lini?

---

FundiSae

Tuendelee na mada.

---

MamaKopi_Uyole

Siku tatu kimya, mtanisamehe, kulikuwa na foleni ya fomu.

Yule muuzaji alinibadilishia bila maneno, nilipomtajia 1155 alinitazama kama vile nimekuwa mwenzake. Nimeifunga mwenyewe juu ya meza ya kukatia karatasi, mwanangu wa kidato cha pili akinishikia tochi ya simu. "Ta" tatu zimekuja vizuri, ya nne imenitoa jasho kwenye baridi hii hii. Nimegeuza mazabodi nikaona tundu moja si kama mengine, nikatoa, nikafuta, nikaanza upya na pesti mpya. Safari ya pili yote manne yamefanana.

Chumba leo 19. Ikipumzika inasoma 34. Nimebana picha za harusi nusu saa nzima, imefika 64 ikagoma kupanda, na imepanda polepole, nimehesabu mpaka nikachoka kuhesabu. Mbavu za hitisinki nimezigusa baada ya kuzima, zina joto la kikombe cha chai. Feni nilidhani imekufa, kumbe ndivyo inavyotakiwa kusikika.

Kasha nimelitoa kabatini, liko juu ya stuli, mgongo haujagusa ukuta. Nimemwomba jirani wa chipsi ahamishe jiko upande wa pili wa kibanda. Amekubali, ila kwa sharti nimchapie bango la bei na nililaminishe bure. Nalichapa sasa hivi, prosesa iko 41.

---

Mpwa_wa_Temeke

Chipsi kavu shilingi ngapi hapo?